Kizazi Kilichoshuka: Kupasuliwa Asubuhi na Kurudi Nyumbani Jioni

Kwa miaka mingi mtu aliyepasuliwa tumboni alihesabiwa kuwa mgonjwa wa kitandani. Alilazwa siku kadhaa, alikatazwa kuinuka, na jamaa zake walimpelekea uji wodini mpaka daktari aliporidhika na hali yake. Siku hizi hospitali nyingi za Marekani humpokea asubuhi mwanamke ambaye kizazi chake kimeshuka, humpasua kwa njia ya matundu madogo, na jioni ya siku hiyohiyo humruhusu kwenda kwake.

Je, mwili wa binadamu umebadilika? La. Kilichobadilika ni njia ya kulifikia tatizo, dawa za usingizi, na utunzaji wa mgonjwa kabla na baada ya kupasuliwa. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo kwa msaada wa elimu ya viumbe na fizikia, na yanaonyesha kwa nini kurudi nyumbani mapema si sawa na kupona mapema.

Misuli iliyotandwa kama machela

Chini ya fupanyonga pametandwa misuli ambayo umbo lake ni mithili ya machela. Juu ya misuli hiyo hukaa viungo vitatu: mbele kibofu cha mkojo, katikati mji wa mimba pamoja na uke, na nyuma puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Misuli huvibeba viungo hivyo kutoka chini, nazo kano huvishikilia kwenye mifupa ya kando na ya nyuma.

Kila mtu anapokohoa, anapocheka au anapoinua mzigo, kanieneo ndani ya tumbo hupanda na kuisukuma misuli hiyo kuelekea chini. Misuli imara hujikaza na kustahimili. Lakini uzazi huweza kuivuta na kuichana. Umri huipunguzia nguvu. Na baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua na tishu za sehemu hiyo hudhoofika. Kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo na kazi ya kubeba mizigo mizito huongeza athari hizo. Hatimaye kiungo kimoja au zaidi huteremka katika uke, na pengine hutokeza nje. Hali hii ndiyo watu huiita kushuka kwa kizazi, ijapokuwa mara nyingine kinachoshuka ni kibofu au puru.

Mwanamke mwenye hali hii huhisi uzito sehemu za chini, hupata taabu ya kukojoa au ya kwenda choo, na mara nyingi huificha kwa aibu. Wako wanaodhani kwamba ni adhabu au ni matokeo ya uzembe. Sayansi haiungi mkono dhana hizo. Hali hii ni ya kawaida: nchini Marekani imekadiriwa kwamba wanawake wapatao 13 katika kila 100 hufanyiwa upasuaji wa kuirekebisha kabla ya kutimiza umri wa miaka 80.

Si kila mgonjwa huhitaji kisu. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya kuikaza misuli hiyo, nayo bado hutumika kwa walio katika hatua za mwanzo. Wengine huwekewa pete ya mpira au silikoni ndani ya uke ili kukitegemeza kiungo kilichoshuka. Upasuaji hufikiriwa pale njia hizo zisipotosha au mgonjwa mwenyewe asipozipenda.

Kutoka mkato mmoja hadi matundu manne

Njia mojawapo ya upasuaji ni kukining'iniza kilele cha uke, au shingo ya mji wa mimba, kwenye mfupa wa sakramu, ambao ni sehemu ya chini ya uti wa mgongo, juu ya kifandugu. Daktari hutumia kipande cha wavu mwembamba wa polipropilini. Ncha moja hushonwa kwenye uke, mbele na nyuma, na ncha nyingine hufungwa kwenye mfupa. Wavu huo hufanya kazi ya kano zilizolegea.

Hapo awali kazi hiyo ilitaka tumbo lifunguliwe kwa mkato wenye urefu wa sentimita 15 hivi. Njia ya matundu ilichukua muda mrefu kukua. Mwaka 1901 daktari Mjerumani Georg Kelling alionyesha namna ya kuchungulia ndani ya tumbo la mbwa kwa bomba lenye lenzi. Mwaka 1980 Mjerumani mwingine, Kurt Semm, aliondoa kidole tumbo kwa njia hiyo. Taarifa za kuning'iniza uke kwa njia ya matundu zilichapishwa Marekani mwaka 1994, na katika miaka ya 2000 mikono ya mashine inayoongozwa na daktari ilianza kutumiwa pia.

Tuseme daktari anatoboa tundu moja la milimita 12 na matatu ya milimita 5. Jumla ni milimita 27, wakati mkato wa zamani ulikuwa milimita 150. Ngozi, misuli na mishipa ya fahamu inayokatwa ni michache sana. Kwa hiyo maumivu na upotevu wa damu hupungua.

Ili kupata nafasi ya kufanya kazi, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, haiwaki, na hilo ni jambo muhimu mahali panapotumika umeme kuziba mishipa ya damu. Pili, huyeyuka upesi katika damu, ikapelekwa kwenye mapafu na kutolewa kwa pumzi. Kanieneo yake huwa kati ya milimita 12 na 15 za zebaki. Ikilinganishwa na kanieneo ya angahewa kwenye usawa wa bahari, ambayo ni milimita 760, hiyo ni nyongeza isiyozidi sehemu 2 katika 100; hata hivyo yatosha kuliinua tumbo. Kitanda nacho huinamishwa ili kichwa kiwe chini, na utumbo huteleza kuelekea kifuani na kuiacha nyonga wazi.

Nini kilimweka mgonjwa kitandani?

Wazo la kumruhusu mgonjwa siku aliyopasuliwa si geni. Mwaka 1909 daktari James Nicoll wa Glasgow, Scotland, alitoa taarifa ya watoto 8,988 waliopasuliwa na kurudishwa kwa mama zao bila kulazwa. Aliona kwamba mama aliyeelekezwa vema huweza kumtunza mtoto wake nyumbani. Hata hivyo, kwa upasuaji mkubwa wa watu wazima, kulazwa kuliendelea kuwa desturi.

Katika miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet wa Denmark aliichunguza desturi hiyo upya. Badala ya kuhesabu siku, alitafuta sababu zinazomzuia mgonjwa kuondoka, nazo zilikuwa maumivu, kichefuchefu, utumbo uliolala, mirija iliyoachwa mwilini, na udhaifu unaotokana na kulala. Kila sababu ilipotafutiwa dawa yake, siku za kulazwa zilipungua.

Kwa mujibu wa utaratibu huo, mgonjwa hashindi na njaa na kiu tangu jana yake. Huacha chakula saa 6 kabla ya nusukaputi, lakini huruhusiwa kunywa maji hadi saa 2 kabla. Dawa ya usingizi inayotumika sana, propofoli, huondoka haraka katika ubongo na kuvunjwavunjwa na ini, hivyo mgonjwa huamka mapema akiwa na fahamu safi. Dawa ya ganzi hudungwa kwenye matundu. Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli na dawa za jamii ya ibuprofeni kwa saa maalumu, ili dawa kali za jamii ya mofini zitumike kidogo tu. Dawa hizo kali huleta kichefuchefu na kufunga choo, na mtu anayejikamua chooni huusukuma mshono mpya kwa nguvu ileile iliyokishusha kizazi.

Mgonjwa huinuliwa atembee baada ya saa chache. Misuli ya miguu inapojikaza huzikamua vena na kuisukuma damu kuelekea moyoni. Mtu anapolala bila kujongea, damu hutuama, ikaweza kuganda. Na bonge likisafiri hadi mapafuni huweza kuua. Kitanda, kilichodhaniwa kuwa tiba, kinaweza kuwa chanzo cha hatari.

Mtihani kabla ya ruhusa

Saa ya ukutani haimruhusu mgonjwa. Dalili za mwili wake ndizo zinazomruhusu. Ni lazima mapigo ya moyo na msukumo wa damu viwe vya kawaida, ametembea, amekunywa bila kutapika, maumivu yanatulia kwa vidonge, na hakuna damu nyingi inayotoka.

Lipo jaribio jingine linalohusu kibofu. Upasuaji huu hufanyika jirani nacho, na huenda kikashindwa kujikamua kwa muda. Muuguzi hutia maji safi yenye chumvi, mililita 300, kwa njia ya mpira wa mkojo, kisha huutoa mpira huo. Mgonjwa huenda kukojoa, na mkojo hupimwa. Akitoa mililita 200 au zaidi, yaani theluthi mbili, amefaulu. Akishindwa, hurudishiwa mpira, na aghalabu huweza kwenda nao nyumbani kwa siku chache.

Tafiti kadhaa za Marekani zimewalinganisha wanawake walioondoka siku ileile na wale waliolala hospitali usiku mmoja. Hazikuona kwamba kundi la kwanza lilirudi hospitalini kwa wingi zaidi. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: makundi hayo yalilingana? Mara nyingi walioruhusiwa mapema walikuwa wamechaguliwa kwa afya yao njema. Basi matokeo hayo yanathibitisha usalama kwa wanaofaa, si kwa kila mtu.

Na kufaa hakuamuliwi na mwili peke yake. Ni lazima awepo mtu mzima wa kukaa na mgonjwa usiku wa kwanza, njia ya kumwuliza muuguzi jambo, na usafiri wa kumrudisha hospitalini haraka. Anayeishi mwendo wa saa nyingi kwa barabara mbovu hapotezi kitu kwa kulala usiku mmoja karibu na daktari. Utaratibu unaofaa mahali pamoja hauhamishwi kama ulivyo hadi pengine.

Nyumbani: tundu dogo, kidonda kikubwa

Siku za kwanza mgonjwa huweza kushangaa anapohisi maumivu begani, ilhali amepasuliwa tumboni. Gesi iliyobaki huisumbua diaframu, yaani kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Neva ya kiwambo hicho huanzia shingoni, pamoja na neva za bega, na ubongo hukosea kutambua mahali habari ilikotoka. Maumivu hayo huisha gesi inaponyonywa na damu.

Hatari kubwa zaidi ni kudanganywa na udogo wa makovu. Ndani ya nyonga kazi iliyofanyika ni ileile ya mkato mrefu. Katika juma la kwanza wavu hushikiliwa na nyuzi tu; baadaye mwili husuka kolajeni kuuzunguka, na kazi hiyo huendelea kwa majuma mengi. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hukataza kuinua vitu vizito kwa majuma 6 hivi, ijapokuwa baadhi yao wameanza kulegeza masharti kwa shughuli nyepesi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Jamaa anayemwambia mgonjwa, "Mbona umerudi siku ileile, basi umepona," humtia hatarini bila kukusudia.

Mgonjwa na jamaa zake hupaswa kuzijua dalili za kurudi hospitalini bila kungoja: homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu nyingi, kushindwa kukojoa, maumivu ya tumbo yanayozidi, kutapika kusikokoma, mguu mmoja kuvimba, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida.

Inafaa pia ieleweke kuwa upasuaji huu hauna ahadi ya milele. Kiungo huweza kushuka tena, na wavu huweza kutokeza ukeni. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilisimamisha uuzaji wa nyavu zinazotiwa kwa kupitia ukeni kwa ajili ya tatizo hili. Zile zinazowekwa kwa kupitia tumboni hazikuhusika. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa ni njia ipi itakayotumika, na faida na hasara zake.

Jaribio darasani

Kata kitako cha chupa laini ya plastiki. Funika uwazi huo kwa mpira wa puto, ukaze kwa uzi, kisha jaza maji kupitia mdomoni na ufunge kizibo. Shika chupa wima na uikamue. Mpira hutuna kuelekea chini. Rudia kwa kutumia mipira miwili iliyopandanishwa, ukikamua kwa nguvu ileile. Linganisha kiasi cha kutuna.

Maswali

1. Katika jaribio, mpira unawakilisha nini, na mkono unaokamua unawakilisha nini?
2. Kwa nini hewa ya kawaida haitumiki kujaza tumbo wakati wa upasuaji?
3. Mgonjwa ametiwa mililita 300 za maji, akakojoa mililita 150. Je, amefaulu? Eleza.
4. Toa sababu mbili zinazoonyesha kwamba kulala kitandani muda mrefu kwaweza kumdhuru mgonjwa.
5. Wanawake wawili wana afya sawa, lakini mmoja anaishi jirani na hospitali na mwingine mbali, peke yake. Jadili kama waruhusiwe siku moja.