Goti la mtoto likivimba na kupata joto, usilikande

Aliyewahi kuchinja mbuzi na kutenganisha mguu penye goti anayajua yale maji ya utelezi yanayobaki vidoleni, mazito kama ute wa yai. Yanatoka kwenye utando mwembamba uliotandikwa ndani ya mfuko unaofunga kiungo. Binadamu pia anao: magotini, nyongani, viwikoni, mabegani, hata kwenye vidole.

Utando huu hulainisha kiungo na kulisha gegedu, yaani ule mfupa laini mweupe unaofunika ncha za mifupa, ambao hauna mishipa yake ya damu. Maji yenyewe ni machache. Katika goti la mtu mzima mwenye afya hayajazi kijiko cha chai.

Ili kuchuja maji hayo kutoka kwenye damu, utando una mishipa midogo mingi na hauna tabaka la kuzuia vitu kupita. Hapo ndipo bakteria nao hupenya. Wanaweza kutoka kwenye jipu au kidonda, wakasafiri na damu, na kiungo kikajaa usaha. Gegedu huweza kuharibika ndani ya siku chache, na likishaliwa halirudi kama lilivyokuwa. Mtoto anaweza kuchechemea maisha yake yote.

Angalia homa pamoja na kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, ambacho mtoto hataki kiguswe. Nyonga imejificha, hivyo huenda usione uvimbe wowote: mtoto anakataa tu kukanyaga, au mchanga analia kila anapobadilishwa nepi. Wenye ugonjwa wa seli mundu wako hatarini zaidi.

Wazazi wengi hudhani mtoto ameanguka akicheza, wakampeleka kukandwa. Si ajabu, watoto huanguka kila siku. Lakini kuanguka hakuleti homa. Usimnunulie viuavijasumu dukani pia, kwani vinaweza kutuliza homa huku usaha ukibaki ndani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Atavutwa maji ya kiungo kwa sindano yapimwe. Yakiwa usaha, kiungo kitasafishwa na atapewa dawa kwa wiki kadhaa. Zahanati ikishindwa, omba rufaa papo hapo.

Mtu mzima anayeamka vidole vya mikono yote miwili vikiwa vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, wiki baada ya wiki, huenda ana baridi yabisi. Huko ni mwili wenyewe unaoushambulia utando. Si dharura ya usiku, ila asikae nayo mwaka mzima akimeza dawa za maumivu.