Mawimbi Yasiyoonekana Katika Ziwa Tanganyika

Watu wengi hudhani kwamba ziwa likitulia juu, basi limetulia lote. Mtu husimama ufukoni Kigoma, akaona maji yametandazika kama mkeka, akasema, "Leo ziwa limelala." Je, hukumu hiyo ni sahihi? La, si sahihi. Mawimbi makubwa kupita yote ya Ziwa Tanganyika ni yale ambayo jicho haliyaoni.

Kwanza, yafaa kufahamu kwamba maji ya ziwa hilo, ambalo kina chake hufika mita 1,470 hivi na urefu wake hupita kilometa 600, hayakuchanganyika yote pamoja. Jua huyapasha moto maji ya juu, nayo yakawa mepesi, yakaelea juu ya maji baridi yaliyo mazito zaidi. Juu joto huwa kama digrii 26 za sentigredi, na chini kabisa kama 23. Tofauti hii ni ndogo, lakini yatosha kuyatenga maji hayo katika tabaka mbali mbali.

Pili, kuanzia Mei hata Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Huko maji ya joto hurundikana, na mpaka wa tabaka hudidimia. Upande wa kusini, karibu na Mpulungu katika Zambia, mpaka huo huinuka na maji baridi hupanda juu.

Tatu, upepo ukikoma, mpaka ule hurudi, lakini hausimami mahali pake. Hupita, ukarudi tena, kama bembea. Tabaka la juu likienda kaskazini, la chini huenda kusini, kisha hugeuka. Safari moja ya kwenda na kurudi huchukua wiki tatu hadi nne. Juu ya ziwa badiliko ni la sentimeta chache tu, lakini chini mpaka hupanda na kushuka kwa makumi ya mita.

Pengine mtu atauliza: Kwa nini iwe polepole hivyo? Jibu ni kwamba uzito wa tabaka hizo unakaribiana, kwa hiyo nguvu ya kuurudisha mpaka ni dhaifu. Asiyesadiki na ajaribu mwenyewe. Atie maji na mafuta ya kupikia katika chupa ya kioo, aifunge, kisha ailaze na kuiinamisha taratibu. Ataona wimbi zito likitembea baina ya maji na mafuta. Mwaka 1904 E. R. Watson alieleza mwendo wa namna hii katika Loch Ness, ziwa la Scotland, kwa kupima joto la maji kwenye vina mbali mbali.

Faida yake ni nini? Mbolea ya ziwa, yaani fosforasi na nitrojeni, huzama chini. Maji ya chini yakipanda, mbolea hupanda nayo. Mimea midogo hustawi, viumbe vidogo huila, dagaa huvila viumbe hivyo, na migebuka huwala dagaa. Hivyo kitoweo cha mvuvi mwenye taa hutokana na mwendo asiouona.

Lakini iko hatari. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha katika jarida la Nature kwamba kuongezeka kwa joto kumezidi kuzitenga tabaka hizo, hata mbolea inayopanda imepungua. Uvuvi wa kupita kiasi nao huongeza hasara hiyo.

Basi mvuvi akirudi na nyavu tupu, asikimbilie kumshuku jirani yake kwa uchawi. Sababu yaweza kuwa chini ya mtumbwi wake, nayo hupimika. Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mwenye kutafuta ukweli asiridhike na uso wa mambo. Na achunguze kwanza, kisha ndipo ahukumu.