Tufufue Baiskeli Kuukuu



Kisiwani Lamu punda ndiye gari letu, lakini huku bara, Mokowe, Hindi na Mpeketoni, Black Mamba bado hubeba maji, mahindi na hata mgonjwa. Nyingi zimetupwa nyuma ya nyumba eti zimekufa. Je, zimekufa kweli?

Kabla kikundi hakijatoa hata shilingi moja, tukague fremu. Hewa ya chumvi hula chuma toka ndani. Pindua baiskeli, gonga polepole kwenye maungio, hasa chini pale penye ekseli ya pedali. Ukiona ufa, au chuma kinabonyea, basi, toa vipuri tu. Rangi haitibu ufa, na siku ya gunia la mahindi fremu itakatika na mtu yuko juu.

Fremu ikiwa nzima, fungua kila kitu. Osha gololi kwa mafuta ya taa, tia grisi mpya. Sugua kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana hapa kwetu kutu hailali. Mimina oili kidogo ndani ya bomba la kiti. Keria ya duka ni nyembamba; fundi achomee ya nondo.

Raba za breki zikiwa zimekwisha, nunua mpya kwanza, hata kama rangi itangoja mavuno.