Meza ya Treni ya Mfano: Kununua Mbao na Kuunda Meza Imara Inayohamishika

Seti ya treni ya mfano mara nyingi huingia nyumbani kama zawadi. Ndugu aliye ughaibuni huileta katika boksi zuri, reli hutandazwa sakafuni au juu ya meza ya chakula, na kwa siku mbili tatu nyumba nzima hufurahi. Kisha mabehewa huanza kuacha njia kila yafikapo kwenye kona, nyuzi za mkeka hujisokota katika ekseli, na seti hurudi bokisini. Lawama hupewa treni. Mara nyingi kosa ni la kilicho chini ya reli. Katika kipimo kinachopatikana zaidi, ambacho hupunguza kila kitu mara 87, ukingo wa gurudumu unaoishika reli una kina cha takriban milimita moja tu. Basi panapotokea ngazi ya milimita moja kati ya kipande kimoja cha reli na kingine, treni haina cha kuishikilia.

Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi aanze kutumia fedha zake katika meza kabla ya kuongeza behewa hata moja. Somo hili linahusu meza inayoweza kufunguliwa na kuhamishwa, kwa kuwa wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, na meza isiyopita mlangoni huachiwa mpangaji ajaye.

Vipimo huanzia kwenye kona. Mzingo wa reli wenye nusu kipenyo cha sentimita 46 huhitaji upana wa karibu sentimita 92, na ukiongeza nafasi ya usalama pembeni unakaribia futi 4. Hiyo ndiyo sababu wapenzi wengi wa treni hizi hutumia karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8. Karatasi hiyo ikiwa nzima juu ya kiunzi chake haibebeki na mtu mmoja wala haigeuki katika korido. Mwambie muuzaji aikate katikati, upate vipande viwili vya takriban sentimita 122 kila upande. Kila kimoja kikisimamishwa wima hupita katika mlango wa kawaida. (Kwa wenye kupenda hesabu: upana wa reli hizi ni milimita 16.5, ambao ukizidishwa mara 87 hutoa milimita 1,435, yaani kipimo cha reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, si reli ya zamani ya mita moja.)

Plaiwudi ya milimita 9 inatosha ikiwa chini yake pana mihimili ya karibu karibu. Wauzaji wengine watakushawishi ununue ya milimita 18 kwa hoja kwamba nene ndiyo imara. Karatasi nzima ya unene huo hukaribia kilo 30 au huzidi, na uzito huo utaubeba wewe. Uimara wa meza hutoka katika kiunzi. Kabla ya kulipa, tazama kingo za karatasi: mapengo kati ya matabaka ni dalili ya kazi mbovu. Omba kipande kidogo cha masalio, kiloweke katika maji usiku kucha, na kama matabaka yameachana asubuhi, gundi yake haifai, hasa kwa wakazi wa pwani ambako hewa ni nyevu mwaka mzima. Bodi za vumbi la mbao ni rahisi kwa bei, lakini hufura zikinyeshewa na skrubu hazishiki kwenye kingo zake.

Kwa kiunzi, mbao za paini za inchi 1 kwa 3 zinafaa. Hapa ndipo sisi wenyewe tulipojikwaa. Tulipoandaa somo hili tulinunua mbao nne zilizonyooka kama uzi, tukaunda kiunzi siku ileile, tukajisifu. Baada ya wiki tatu pembe moja ilikuwa imeinuka, na mguu mmoja ulining'inia hewani. Mbao zilikuwa mbichi. Mti unapokauka husinyaa, na kwa kuwa hausinyai sawasawa pande zote, hujipinda na kuvuta kila kilichofungwa nao. Tulizinunua nyingine, na gharama ikawa maradufu.

Tangu hapo tunafanya hivi. Tunainua mbao mbili za kipimo kimoja: iliyo nzito waziwazi kuliko mwenzake huenda bado ina maji. Tunafumba jicho moja na kuitazama mbao kwa urefu wake, kama mtu anayelenga shabaha, ili kuona kama imejikunja. Tunakataa yenye kifundo kikubwa katikati, na yenye matundu madogo yanayotoa unga, kwani humo mna wadudu. Kisha tunazipanga ndani ya nyumba kwa wiki mbili au zaidi, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Tunapima pia kwa utepe wetu, maana mbao iitwayo inchi 3 mara nyingi ni pungufu. Risiti itaje aina, vipimo na idadi. “Mbao” peke yake haimsaidii mnunuzi akirudi na malalamiko. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini mlaji naye lazima awe na cha kuonyesha.

Mbao nne za futi 12 hutosha viunzi viwili. Ikiwa unene wake halisi ni sentimita 2, kila mbao hutoa kipande kimoja cha sentimita 122 na viwili vya 118, na mbao mbili hukamilisha kiunzi kimoja: pande mbili ndefu, na kati yake vipande vinne, viwili mwishoni na viwili ndani, vikiachana kwa takriban sentimita 40. Kata plaiwudi kwanza, kisha uufuate upana wake halisi, kwa sababu msumeno hula milimita chache. Tumia gundi pamoja na skrubu, wala si misumari, ambayo hulegea meza inapobebwa. Kabla gundi haijakauka pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana (kwa mraba wa sentimita 122 ni karibu 172 na nusu), pembe zako ni sahihi.

Sehemu inayotaka uangalifu kuliko zote ni maungio ya meza hizo mbili. Zibane pamoja kwa klampu juu ya sakafu sawa, nyuso za plaiwudi zikiwa usawa mmoja, kisha toboa mbao zote mbili kwa pamoja, kwa keekee moja, bila kuzitenganisha. Matundu yaliyotobolewa kila upande peke yake hayakutani. Funga kwa bolti tatu za milimita 8, washa pana pande zote, na nati zenye masikio ili usihitaji spana. Reli ipite kwenye mpaka huo ikiwa imenyooka, kamwe isiwe kwenye kona, na miisho yake ilehemiwe juu ya skrubu za shaba zilizozamishwa katika ubao.

Miguu ya inchi 2 kwa 2 yenye sentimita 90 ifungwe kwa bolti ndani ya pembe, pamoja na vishikizo vya mshazari. Meza ya kwanza hupewa miguu minne. Ya pili huhitaji miwili tu, kwani upande wake mwingine huegemea mwenzake. Kwa watoto wadogo kata miguu iwe mifupi zaidi, na uzungushie ukingo wa sentimita chache: treni ikianguka kutoka kimo hicho haitengenezeki kwa urahisi.

Transfoma ifungwe upande wa nje wa kiunzi, mahali pa wazi. Soma maandishi yake kabla ya kuichomeka. Seti iliyonunuliwa Marekani huweza kuwa na transfoma ya volti 120, nayo ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230 huungua na yaweza kuwasha moto.

Siku ya kuhama, ondoa miguu, kisha zigeuze meza mbili zitazamane uso kwa uso zikiwa wima, na mabanzi katikati ili reli zisigusane. Kila moja itakuwa na takriban kilo 15 au pungufu. Bolti na nati zitie katika mfuko, na mfuko ufungwe kwenye mguu mmojawapo, si ndani ya sanduku la vyombo.