Nati Tano na Inchi 17 Hazitoshi Kukuambia Kama Rimu Itakaa

Muuzaji wa rimu za aloi kwa kawaida huuliza mawili tu: gari lako lina nati ngapi, na unataka inchi ngapi. Rimu ikiingia kwenye bolti na gurudumu likazunguka bila kugusa kitu, biashara imekwisha. Nashikilia kwamba jaribio hilo halithibitishi mengi, kwa sababu wakati huo gari liko juu ya jeki, na gari halitembei juu ya jeki. Rimu inatosha pale tu gurudumu linapobaki na nafasi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, abiria wamejaa, buti lina mizigo na tairi limetumbukia shimoni. Sehemu kubwa ya jibu hilo hupatikana kwa rula na kikokotoo kabla hujalipa.

Tuchukue Toyota Wish ya toleo la kwanza. Bolti zake tano zimepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, ndiyo maana huandikwa 5x100. Subaru Impreza nyingi za miaka hiyo nazo ni 5x100, hivyo mwenye Wish huuziwa rimu za Subaru bila wasiwasi. Lakini tundu la katikati la rimu ya Subaru ni milimita 56.1, na habu ya Wish ni 54.1. Rimu itaingia, ila habu haitaishika. Isipokaa katikati sawasawa, usukani utatetemeka ukikimbia. Dawa yake ni pete za kuziba upenyo huo, na bei yake ni ndogo. Angalia na nati: tumia zenye nyuzi za gari lako, na mdomo unaolingana na tundu la rimu. Nati yenye washa bapa haifai kwenye rimu iliyochongwa kwa nati ya koni.

Sasa tairi. Wish nyingi hutoka na 195/65R15. Ubavu wake ni asilimia 65 ya 195, yaani milimita 126.75, zidisha mara mbili, ongeza inchi 15 ambazo ni milimita 381, unapata kipenyo cha 634.5. Tairi la 215/45R17 lina 625.3, pungufu ya asilimia 1.5 hivi, na spidomita itazidisha mwendo kidogo tu. La 225/45R17 lina 634.3, karibu sawa kabisa, na hapa wengi huridhika mapema. Kipenyo kimelingana, lakini tairi limepanuka kwa milimita 30. Soma pia namba ya uzito ubavuni: 91 hubeba kilo 615, ilhali 87, inayopatikana kwenye baadhi ya 215/45R17, hubeba 545. Kushuka chini ya namba ya kiwandani sikubaliani nako hata kidogo.

Upana ulioongezeka unakwenda upande gani? Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu liko kwenye namba ya ET, ambayo kwa kawaida huwa nyuma ya rimu. Ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Tuseme rimu ya zamani ni 6J yenye ET 45. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76.2, ongeza 45, ukingo wa ndani uko 121.2 kuelekea shokapu. Toa 45, ukingo wa nje uko 31.2 kuelekea madigadi. Ukileta 7J yenye ET hiyohiyo, kila upande unasogea 12.7, na shokapu inaweza kuguswa. Ukileta 7J yenye ET 35, ndani kunasogea 2.7 tu, lakini nje kunatoka 22.7. Rimu hizo mbili dukani zina jina moja: inchi 17, nati tano.

Wapo watakaosema jirani amefunga rimu kama hizo kwenye gari kama hilo na anatembea. Huenda ni kweli, ila uliza ET yake, upana wa tairi lake, na kama springi zake bado ni za kiwandani. Wengine watasema ikigusa tutaweka speisa. Speisa husukuma gurudumu nje tu. Ya milimita 10 huigeuza ET 45 kuwa 35, kwa hiyo huokoa shokapu na kuitia madigadi hatarini. Tena hupunguza nyuzi ambazo nati inazishika, labda ubadili na bolti. Wapo pia wanaokata plastiki ya ndani ya madigadi, ile inayozuia tope na mawe. Sioni sababu ya kuharibu gari ili kuiridhisha rimu.

Hesabu ikikubali, omba kujaribu rimu moja mbele ikiwa na tairi lake. Hakikisha kuna walau milimita 3 kati yake na kalipa ya breki, maana inchi kubwa peke yake haihakikishi nafasi hapo. Kisha kata usukani pande zote mbili, huku jeki ya pili ikiinua mkono wa chini wa gurudumu hadi springi ibanwe. Nyuma fanya hivyohivyo. Paka chaki mabega ya tairi. Ikifutika popote, tafuta ET nyingine au tairi jembamba zaidi.