Petroli Imekwama Wapi? Somo kwa Vikundi Vyenye Gari Kuukuu

Kama kikundi chenu kina pick-up ya miaka mingi, ile ya kabureta, somo hili ni lenu. Si somo la kuwafanya mafundi. Ni la kuwawezesha kusimama mbele ya fundi kabla hamjatoa pesa na kumuuliza: petroli imekwama wapi, na umejuaje?

Sisi hatukuuliza. Kikundi cha maziwa ninachofanya kazi nacho huku Kinangop kilikuwa na gari iliyokuwa inazima mlimani. Asubuhi inawaka vizuri, inazunguka kukusanya mikebe, halafu baada ya nusu saa hivi inaanza kukohoa, inavutavuta, inazima. Ikipumzika dakika kumi inawaka tena kama haijawahi kuugua. Fundi wa kwanza akasema ni pampu, tukanunua pampu. Wa pili akasema ni kabureta, tukanunua ya mtumba. Maziwa yalirudishwa mara mbili kwa kuwa yalifika yamechacha, na akina mama wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi ndiye niliyewashauri watoe hizo pesa kwenye akiba, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu. Kumbe shida ilikuwa kifuniko cha tangi! Nitaieleza mahali pake.

Kwanza tujue njia yenyewe. Petroli hutoka kwenye tangi, ikapita kwenye bomba la chuma chini ya gari, ikafika kwenye mipira, filta, pampu, halafu kabureta. Katika magari mengi ya zamani pampu imefungwa ubavuni mwa injini na husukumwa na injini yenyewe. Kuanzia tangi mpaka pampu petroli inavutwa. Kuanzia pampu mpaka kabureta inasukumwa. Shikeni hilo, maana litawasaidia mbele.

Sasa, je, ni petroli kweli? Gari inaweza pia kuzima kwa sababu ya umeme. Sikilizeni inavyokufa. Ikikatika ghafla kama taa iliyozimwa, mara nyingi ni umeme: waya, koili, pointi. Ikidhoofika pole pole, ikikohoa, ikikataa mlima lakini kwenye tambarare inajikokota, mara nyingi ni petroli. Nasema mara nyingi, si kila mara. Na msicheke nikiwaambia mtumbukize kijiti safi kwenye tangi muone kama petroli ipo. Geji za gari kuukuu ni waongo wakubwa.

Kabla ya kufungua chochote, tuelewane juu ya hatari. Kazi hii hufanyiwa nje, injini ikiwa imepoa, bila sigara, bila jiko karibu, watoto wakae mbali, na ndoo ya mchanga iwe tayari. Wala mtu asivute petroli kwa mdomo. Najua kila dereva hufanya hivyo, lakini petroli kidogo tu ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, maana akitapika inaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Haya, tuanzie juu, kwenye kabureta, kwa sababu ndipo rahisi kufika. Injini ikiwa imezimwa, ondoeni kifuniko cha filta ya hewa. Angalieni ndani ya kabureta kutoka pembeni, si uso ukiwa juu yake, huku mwenzako akikanyaga akselereta mara moja. Mnapaswa kuona mchirizi mwembamba wa petroli ukirushwa ndani. Mkiuona, basi ndani ya kabureta kuna petroli, angalau kwa sasa. Fanyeni jaribio hili wakati gari imetoka tu kuzima barabarani, si asubuhi ikiwa nzima. Hapo ndipo sisi tulipokosea. Kila fundi aliipima ikiwa imepumzika, na mgonjwa aliyepumzika hana homa.

Pasipo mchirizi, rudini nyuma hatua moja. Acheni injini ipoe, kisha ondoeni waya ndogo ya koili inayotoka kwenye swichi na muifunge kwa tepu ya umeme isiguse chuma, ili cheche isipatikane. Chomoeni mpira unaoingia kwenye kabureta, muutie ndani ya chupa ya jamu, mbali na betri na ekzosi. Mtu mmoja apige staata sekunde chache. Petroli irushwe kwa mapigo yenye nguvu. Ikirushwa vizuri na kabureta ilikuwa kavu, tatizo liko mlangoni mwa kabureta: kichujio kidogo kimeziba, au sindano ya boya imenata. Kugonga kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi wakati mwingine huiachilia, lakini hiyo ni dawa ya kufika nyumbani tu. Sindano hiyo ikinata wazi, mtaona kinyume chake: kabureta inafurika, moshi mweusi, plagi zimelowa, harufu kila mahali. Hapo msiendelee na safari.

Msimwage ile petroli ya chupani bado. Iacheni itulie na muiangalie kwenye mwanga. Maji hukaa chini kama shanga. Kutu huonekana kama unga wa kahawia. Tangi linaloachwa karibu tupu kila usiku hukusanya unyevu na kutu, na hii tabia yetu ya kununua mafuta ya mia mbili mia mbili inachangia. Kisha dondosheni tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Ikibaki alama ya mafuta, shukuni kwamba imechanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo si porojo. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza.

Je, kama petroli inatoka kidogo, au haitoki kabisa? Msikimbilie kununua pampu. Chomoeni mpira unaoingia kwenye pampu kutoka upande wa tangi, muuzibe usimwage, kisha mchomeke mpira mwingine mfupi unaovuta petroli safi kutoka kwenye mkebe uliokaa imara, mbali na joto. Rudisheni mpira wa kabureta na waya ya koili, mhakikishe hakuna panapovuja, ndipo muwashe. Injini ikinguruma vizuri, pampu ni nzima na ugonjwa uko nyuma: filta, mpira, bomba au tangi. Ikiwa bado haivuti, sasa mnaweza kuishuku pampu. Na jaribio hili halina gharama hata ya kikombe cha chai! Kama pampu imechoka, vuteni pia kile kijiti cha oili mkinuse. Kikinuka petroli, kiwambo cha pampu huenda kimepasuka na petroli inashuka kwenye oili. Msiwashe tena mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe.

Upande wa nyuma, anzeni na filta. Bei yake ni ndogo, na mshale ulioandikwa juu yake uelekee kabureta. Halafu mipira. Kumbukeni nilisema upande huu petroli inavutwa. Kwa hiyo mpira wenye ufa si lazima udondoshe chochote. Unanyonya hewa badala ya petroli, na chini ya gari ni kukavu kabisa. Ikunjeni kidogo kwa vidole. Penye nyufa, kateni au mbadilishe, na mkaze klipu.

Sasa kifuniko. Tangi linahitaji kupumua. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, ama kwa tundu dogo la kifuniko ama kwa kibomba cha pembeni. Kifuniko chetu kilipotea, na kijana mmoja kwa nia njema akaziba kwa nailoni na kipande cha mpira wa tyubu, akafunga kwa waya, imara kabisa. Kila safari pampu ilivuta mpaka ikashindwa na tangi. Tukisimama, hewa ilipenya pole pole, gari ikawaka. Aliyegundua ni dereva wa matatu aliyetukuta tumekwama. Alifungua ile nailoni, tukasikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, akatuambia tuwashe. Ikawaka.

Kuna moja inayofanana na hiyo: joto. Kwenye mlima mrefu, mchana, petroli inaweza kugeuka mvuke ndani ya mpira uliokaa karibu na ekzosi, na huku juu milimani inachemka upesi zaidi kuliko pwani. Simameni, fungueni boneti, mwache ipoe, baadaye msogeze mpira mbali na joto. Mkitaka kujua ni joto au kifuniko, gari ikizima legezeni kifuniko kwanza. Ikivuta hewa kwa sauti na kuwaka hapo hapo, mmepata jibu.

Haya yote ni ya gari za kabureta. Zile zenye pampu ya umeme ndani ya tangi zina presha kubwa kwenye mabomba. Msizifungue kienyeji.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
Mara ya mwisho gari yetu ilipoharibika, tulinunua nini, na nani alithibitisha kwamba ndicho kilichoharibika?
Nani anashika daftari la gari, na linaandika ilizimia wapi, saa ngapi, baada ya mwendo gani?
Kifuniko cha tangi letu kiko katika hali gani leo?