Hifadhi ya pamoja: acheni kuniuliza tera ngapi

Barua zimetoka Bomet mjini, Sotik, Silibwet na Mogogosiek: viwanda vya chai, vyama vya akiba na mikopo, shule. Zinazouliza mashine pepe ni nini nimeziweka kando.

Tuna mashine pepe 30 kwenye seva tatu. Tununue hifadhi ya pamoja ya tera ngapi? (Barua nne, swali lilelile)

Wote mmeuliza nafasi, hakuna aliyeuliza kasi. Nafasi haina fumbo: jumlisheni mnachotumia leo, ongezeni cha miaka mitatu ijayo, basi. Kinachokwamisha klasta ni maombi ya kusoma na kuandika ambayo diski zinaweza kujibu kwa sekunde. Diski ya sumaku ya mizunguko 7,200 kwa dakika hujibu kama 75 hadi 100, iwe ya tera 2 au ya tera 20. Kituo cha kununulia majani kinaweza kuwa na banda la kutosha kijiji kizima, lakini mizani ikiwa moja, foleni itafika barabarani.

Tupige hesabu. Tuseme kila mashine inatuma maombi 40 kwa sekunde wakati wa pilikapilika. Mara 30 ni 1,200. Tuchukue 720 ya kusoma na 480 ya kuandika. Katika RAID 5, andiko moja dogo huwa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Kwa hiyo 480 inakuwa 1,920, na jumla 2,640. Kwa diski za maombi 75, mnahitaji 36. RAID 10 huandika mara mbili tu: jumla ni 1,680, yaani diski 24 kwa kuwa zinakwenda jozi jozi. Sasa mwuzaji anawaletea diski nane kubwa za RAID 5, zenye uwezo wa maombi 600, na mnamshukuru kwa bei! Siku wakulima wanapolipwa bonasi mfumo unaganda, na lawama zinaishia kwa mtandao.

SSD za seva hujibu maelfu kwa maelfu, kwa hiyo chache zinawatosha. Lakini ile 40 ni mfano wangu. Pimeni mzigo wenu wiki nzima, pamoja na siku ya malipo na usiku wa kuchukua nakala rudufu, ndipo mwombe bei.

Fundi anasema tuunganishe seva mbili kwenye diski moja ya iSCSI, tuifomati NTFS ya kawaida, zitaelewana zenyewe.

Hazitaelewana. Kila seva itaamini diski ni yake peke yake na kukumbuka kivyake nafasi zilizo wazi. Ya pili itaandika juu ya faili za ya kwanza, na siku mtakapogundua, nakala zenu nazo zitakuwa zimebeba uharibifu huo. Tumieni mfumo wa faili uliotengenezewa klasta: VMFS ya VMware, au Cluster Shared Volumes, ambayo Microsoft iliileta na Windows Server 2008 R2. Au NFS, ambapo kifaa cha hifadhi chenyewe ndicho msimamizi wa faili. Fundi huyo mlipeni nauli.

Ni lazima Fibre Channel?

Hapana, iSCSI ya gigabiti 10 yenye swichi mbili na mtandao wake pekee inawatosha.

RAID si ndiyo nakala rudufu?

Siyo, na snapshoti iliyo kwenye diski zilezile nayo siyo.

Mwalimu wa kompyuta: tangu Broadcom ilipoinunua VMware mwishoni mwa 2023, leseni zimetushinda. Tunataka Proxmox na Ceph kwenye seva mbili.

Mwalimu, Proxmox sawa. Ceph kwenye seva mbili, hapana. Kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kitu, hivyo tera 30 mnazonunua zinabaki 10, na hizo msizijaze. Tena seva mbili zikipotezana, kila moja itadhani mwenzake amekufa. Kura ya tatu ndiyo inayoamua. Tafuteni seva ya tatu, la sivyo tumieni kifaa kimoja cha NFS na nakala rudufu iliyo jengo lingine.

Kiwanda kina jenereta. UPS ya nini?

Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na hifadhi haina subira hiyo. Huku kwetu kuna radi, na 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani. UPS iwape muda wa kuzima kwa utaratibu: mashine pepe kwanza, kisha seva, kisha hifadhi, swichi mwisho. Kuwasha ni kinyume chake. Andikeni utaratibu huo kwenye karatasi na muubandike mlangoni mwa chumba cha seva, kwa sababu ukiwa ndani ya mashine pepe hamtaweza kuusoma umeme ukipotea.